Patrice Lumumba, mkaaji wa Kisangani: nyumba, parsele na mukanda

Jina la Patrice Emery Lumumba linajulikana katika kila kijiji cha Tshopo, toka Lubunga mpaka Banalia. Masomoni watoto wanafundishwa kwamba alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, kwamba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na kwamba ni shujaa wa taifa. Jambo lisilosemwa sana ni hili: kabla ya siasa kubwa, Lumumba alikuwa mkaaji wa mji wa Kisangani, wakati ule ukiitwa Stanleyville. Alifika mwaka wa 1944, kijana wa miaka 19 hivi. Miaka yake mingi ya ukarani aliihesabu kwa mji huu. Hapa alilea familia, hapa aliandika magazetini, hapa aliingia boloko kwa mara ya kwanza. Na hapa alijionea kwa macho namna Leta ya kikoloni ilivyopanga nani akae wapi, katika nyumba ya namna gani, na kwa mukanda gani.

Maisha yake ya Kisangani yanafaa kukumbukwa leo, juu swali lililomsumbua halijaisha. Familia inatoka Banalia, inapita barabara ya karibu kilomita 130, inafika Kisangani na kununua kipande cha udongo pembeni ya mji. Inajenga. Watoto wanakua. Kisha siku moja mtu mwingine anakuja na mukanda wake, anasema parsele ni yake. Ndipo familia inaanza kutafuta karatasi ambazo haikuwahi kuzitafuta. Swali la nani mwenye nyumba na nani mwenye udongo chini ya nyumba ni la zamani sana katika mji huu. Lumumba alilikuta tayari.

Kijana wa Onalua

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, tarafa ya Katako-Kombe, huko Sankuru. Wazazi wake walikuwa walimaji, watu wa kabila la Batetela. Alisoma kwa wamisionari, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti wa Metodisti, lakini hakufika mbali katika masomo. Mambo mengi aliyoyajua baadaye aliyapata kwa kusoma vitabu mwenyewe, usiku, kisha kazi. Hiyo ilikuwa tabia yake mpaka mwisho.

Akiwa bado kijana aliacha kijiji, akaenda Kalima, Maniema, ambako kampuni ya madini ilikuwa inaandika wafanyakazi. Toka kule akashuka Stanleyville. Safari hiyo haikuwa jambo jepesi wakati ule. Mtu mweusi aliyetaka kuacha sehemu ya chifu wake na kukaa kwingine zaidi ya mwezi mmoja alipaswa kuwa na ruhusa ya Leta. Bila mukanda, polisi wangeweza kumkamata na kumrudisha kijijini. Mwanakijiji wa Banalia aliyefika Stanleyville kutafuta kazi alikuwa chini ya sheria hiyo hiyo. Mji ulikuwa na mlango, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Lumumba alipata kazi katika ofisi za Leta. Mwaka wa 1947 alitumwa Léopoldville kusoma katika shule ya posta. Alipomaliza alirudi katika Jimbo la Mashariki kama karani wa posta. Kwa macho ya watu wa cité, ile ilikuwa kazi ya heshima: shati jeupe, kalamu, mshahara kila mwisho wa mwezi. Mwaka wa 1951 alimwoa mama Pauline Opango, binti wa kwao Sankuru, na pamoja walianza kujenga familia.

Mji wa sehemu mbili

Stanleyville ya miaka ile ilikuwa miji miwili ndani ya jina moja. Kulikuwa na mji wa wazungu, karibu na mto, wenye njia pana, miti, nyumba kubwa, maji na umeme. Na kulikuwa na cité za watu weusi, ambazo Leta ilizitenga kwa makusudi. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu bila ruhusa. Asubuhi alivuka kwenda kazini, jioni alipaswa kurudi upande wake. Wengine walikaa katika kambi za makampuni, kama wafanyakazi wa reli iliyoanzia ng'ambo ya mto, upande wa kushoto, kwenda Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Huko nyumba ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha.

Cité zilitawaliwa kwa sheria ya 1931, iliyoanzisha sehemu za mji zisizokuwa chini ya machifu wa kimila. Kwa Kifaransa ziliitwa centres extra-coutumiers. Sehemu kama hiyo ilikuwa na chifu wake, baraza lake, mahakama yake na mfuko wake wa kodi. Lakini juu ya chifu alikaa mzungu wa Leta, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Namna ya kupata makao ilikuwa hivi. Mwenye ruhusa ya kukaa mjini alipewa parsele, ikapimwa na kuandikwa katika kitabu cha cité. Nyumba alijenga mwenyewe, kwa nguvu zake na ndugu zake. Wengi walijenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa majani. Aliyepata pesa zaidi alitia matofali na mabati. Mara nyingi mwenye parsele alijenga vyumba vya nyuma na kupangisha wageni wapya, ili apate pesa ya kumaliza nyumba ya mbele. Mkaaji wa Mangobo au Kabondo wa leo hatashangaa, juu mambo yanafanyika vile vile.

Lakini mukanda aliopewa mtu ulimpa haki ya kukaa tu. Udongo haukuwa wake. Leta ikitaka kupanua njia au kuhamisha mtaa, mkaaji alihama. Akikosa kazi muda mrefu au akihesabiwa kuwa mtu wa fujo, angeweza kurudishwa kijijini, na nyumba yake ikabaki na shida. Mtu angeweza kukaa mjini miaka 20 na bado akahesabiwa kuwa mgeni aliyevumiliwa.

Nyumba iliyokaguliwa

Lumumba alikuwa mmoja wa watu walioitwa évolués, yaani weusi wenye masomo, waliotumaini kwamba wakiishi kwa namna ya wazungu watapewa haki sawa. Katika Stanleyville alikuwa mtu wa vyama: aliongoza chama cha maevolue wa mji, na alikuwa kiongozi katika umoja wa wafanyakazi weusi wa posta. Aliandika makala nyingi katika magazeti ya wakati ule, kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Katika maandiko yale ya mwanzo hakuwa mtu wa kugombana na Ubelgiji. Aliomba mabadiliko kwa upole, kwa lugha ya adabu, na aliamini kwamba serikali itasikia.

Mwaka wa 1952 Leta ilitoa sheria ya immatriculation. Mtu mweusi aliyepita mtihani huo alipewa kadi iliyomweka karibu na wazungu mbele ya sheria. Mtihani wenyewe ulikuwa mgumu na wa kudharau. Haukuishia kwenye maswali ya ofisini. Wakaguzi waliweza kufika nyumbani kwa mtu na kuangalia maisha yake: nyumba ni safi namna gani, vyombo vya mezani ni vipi, watoto wanalala wapi, mke anaishi namna gani na mume. Nyumba ya mtu iligeuka karatasi ya mtihani.

Lumumba aliomba kadi hiyo, na mara ya kwanza akakataliwa. Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake mbele, na mwaka wa 1954 akaipata. Katika nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 12 wakati ule, waliopata kadi ile walikuwa mia chache tu. Na hata kwa wale wachache, kadi haikufungua mambo makubwa. Mshahara haukuwa sawa na wa mzungu wa kazi ile ile. Nyumba katika mji wa wazungu ilibaki kuwa ndoto. Kilichobadilika ni gharama: mwenye kadi alitazamiwa kuvaa, kula, kukaribisha wageni na kupamba nyumba sawa mzungu, huku mshahara wake ukibaki wa karani mweusi.

Leta inaanza kujenga

Ni wakati ule ule ambapo serikali ya kikoloni ilianza mipango mikubwa ya nyumba. Kisha vita vya pili vya dunia, miji ya Kongo ilijaa haraka. Watu walikimbia kazi za lazima vijijini, wakatafuta mshahara na masomo ya watoto. Cité zilifurika, na Leta iliogopa magonjwa na fujo. Katika mpango wake wa miaka 10, ulioanza 1949, iliweka pesa kwa ajili ya makao ya watu weusi mijini.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa mfuko wa mikopo, Fonds d'avance. Mtu mwenye kazi na parsele aliomba mkopo, akapata vifaa vya kujengea, akalipa kidogo kidogo. Ya pili ilikuwa Office des Cités Africaines, iliyojulikana kwa herufi OCA, iliyoundwa 1952. Hiyo ilikuwa ofisi ya kujenga mitaa mizima: ilipima udongo, ikachimba mifereji, ikapitisha njia na mabomba ya maji, ikajenga nyumba za matofali kwa safu, na kuacha nafasi ya shule, soko na zahanati. Mkaaji aliingia kwa kulipa kila mwezi mpaka deni liishe, au kwa kupanga. Matete na Bandalungwa huko Kinshasa zilizaliwa kwa njia hiyo. Upande wa mashariki, watu wa Bukavu wanaijua Bagira. Kabla ya uhuru OCA ilikuwa imejenga makumi ya maelfu ya nyumba katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi, na nyingi bado zinakaliwa mpaka leo.

Njia ya tatu ilihusu safari ya mfalme. Mwaka wa 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alizunguka Kongo, akafika Stanleyville. Katika karamu ya wageni wa heshima, karani wa posta Lumumba alipata nafasi ya kuongea naye uso kwa uso kwa dakika kadhaa, jambo lililowashangaza wazungu wa mji. Habari hiyo ilienea cité nzima na ikampa Lumumba jina. Kisha safari ile uliundwa mfuko ulioitwa Fonds du Roi, kusaidia familia za mshahara mdogo kupata nyumba, kwa kuongeza pesa juu ya kile walichoweza kulipa wenyewe.

Tuseme ukweli: mipango hiyo ilifanya kazi ya kuonekana. Kuna watoto waliokulia katika nyumba yenye sakafu ya simenti na bomba karibu kwa sababu ya OCA. Lakini tatizo lilikuwa katika milango yake. Mkopo ulihitaji mshahara wa kudumu. Mwanamke mjane aliyeuza sokoni, kijana wa kubeba mizigo bandarini, mtu aliyefika jana kutoka kijijini, hao hawakuingia katika hesabu. Pia hakuna mkaaji aliyeulizwa mtaa ujengwe wapi wala nyumba iwe na vyumba vingapi. Ofisi ilipanga, mkaaji alipokea. Mitaa mipya yenyewe ilijengwa kwa ajili ya weusi peke yao, mbali na wazungu, kwa hiyo mgawanyiko wa mji uliwekewa matofali.

Kuhusu udongo, sheria ya 1953 ilikubali kwamba Mukongo anaweza kumiliki ardhi kama mali yake binafsi. Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa. Katika maisha, kupima, kuandikisha na kulipa vilihitaji pesa na kujulikana ofisini, na wakaaji wengi wa cité waliendelea na mukanda ule ule wa kukaa.

Deni na boloko

Mwaka wa 1956 Lumumba alialikwa Ubelgiji pamoja na maevolue wengine. Aliporudi, mwezi wa Julai, alikamatwa. Posta ilikuwa imegundua upungufu wa pesa, karibu franka 126,000 kwa jumla. Lumumba hakukataa. Alikubali kwamba alizichukua, na alieleza kwamba mshahara wake haukutosha kwa maisha ambayo Leta yenyewe ilimtaka mtu kama yeye aishi. Alihukumiwa miaka 2, kisha adhabu ikapunguzwa, akatoka Septemba 1957.

Kosa ni kosa, na wanaompenda Lumumba hawana haja ya kulificha. Lakini kesi ile inaonyesha mzigo wa watu wa tabaka lake. Waliambiwa wawe na nyumba ya kisasa, meza, vitanda, nguo, vitabu, masomo ya watoto. Ndugu wa kijijini nao walifika kukaa, juu mtu mwenye mshahara mjini hawezi kufunga mlango kwa ndugu. Hesabu ya mwezi haikukutana. Makarani wengi waliishi kwa madeni, kimya kimya.

Ndani ya gereza Lumumba hakukaa bure. Aliandika kitabu kirefu juu ya Kongo ya wakati ule: mishahara, ardhi, maisha ya mjini, uhusiano wa weusi na wazungu. Lugha yake bado ilikuwa ya mtu anayetumaini kwamba Ubelgiji itarekebisha mambo. Kitabu hicho kilichapwa Brussels mwaka wa 1961, mwandishi akiwa tayari amekufa. Anayekisoma leo anakuta kijana wa cité anayejua bei ya vitu, na anayejua kwamba heshima ya mtu mjini inaanza na mahali anapolala.

Komine na kura

Alipotoka gerezani alienda Léopoldville, akapata kazi katika kampuni ya bia na kuitangaza bia ya Polar mitaani. Huko alijifunza kusema na watu wengi kwa wakati mmoja. Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC, na Desemba ya mwaka ule alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika huko Accra, Ghana. Karani mpole wa magazeti alirudi akiwa mtu mwingine. Sasa alidai uhuru.

Wakati huo huo miji nayo ilibadilika. Sheria ya Machi 1957 iligawa miji mikubwa katika komine, kila komine na burgumestre wake na baraza lake. Kwa mara ya kwanza wakaaji weusi walipiga kura: Desemba 1957 huko Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, kisha miji mingine ikafuata. Komine ndiyo iliyoshika mambo ya karibu na mkaaji: parsele, njia ndogo, soko, usafi, mifereji. Lakini juu ya maburgumestre wote aliwekwa mkubwa mzungu aliyeteuliwa na Leta, na pesa nyingi zilibaki kwake. Komine ilipewa malalamiko ya watu kuliko ilivyopewa nguvu ya kuyatatua. Hilo nalo linajulikana hadi leo katika ofisi nyingi za komine.

Mwishoni mwa Oktoba 1959 Lumumba alirudi Stanleyville kwa mkutano mkuu wa chama chake. Cité zilijaa. Tarehe 30 fujo zikalipuka kati ya watu na askari, na watu zaidi ya 20 walikufa. Lumumba alikamatwa siku mbili baadaye. Akiwa gerezani, Desemba ulifanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji, na katika Stanleyville chama chake kilishinda kwa kura nyingi sana. Watu wa cité walimchagua mtu ambaye hawakuweza kumwona. Januari 1960 alihukumiwa miezi 6, lakini siku chache baadaye ilibidi aachiliwe aende Brussels, juu mkutano wa meza ya mviringo ulioamua tarehe ya uhuru haukuweza kuendelea vizuri bila yeye.

Mei 1960 MNC yake ilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote bungeni, na tarehe 24 Juni alikuwa Waziri Mkuu.

Siku ya depanda

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin yule yule aliyeongea naye Stanleyville miaka 5 nyuma, Lumumba alitoa hotuba ambayo haikuwa katika programu. Dunia inaikumbuka kwa ajili ya ukali wake. Lakini kati ya mambo aliyoyataja, mengine yalikuwa ya mtaani kabisa. Alikumbusha kwamba katika miji kulikuwa na nyumba nzuri sana za wazungu na vibanda vya majani vinavyoanguka vya weusi. Alitaja udongo ulionyang'anywa kwa jina la sheria, na mishahara isiyotosha kula, kuvaa, wala kukaa katika nyumba ya heshima.

Wageni waliotoka Ubelgiji walisikia matusi. Mkaaji wa cité ya Stanleyville aliyekuwa na redio alisikia maisha yake ya kila siku. Mambo yale Lumumba hakuyaokota kitabuni. Alikuwa ameyapita kwa miguu kila asubuhi, akitoka cité kwenda posta.

Alitawala wiki 10 hivi. Siku chache kisha uhuru askari waliasi, tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, Wabelgiji wengi wa ofisi wakaondoka kwa haraka. Hakukuwa na nafasi ya mpango wa nyumba wala ya sheria mpya ya ardhi. Ofisi zilizojenga mitaa zilibaki na michoro na madeni. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alitangaza kumwondoa, na tarehe 14 Kanali Mobutu akashika mamlaka.

Kwa wiki nyingi Lumumba alifungiwa katika nyumba yake ya Waziri Mkuu huko Léopoldville. Askari wa Umoja wa Mataifa walizunguka nyumba ili wasiomtaka wasiingie, na askari wa Kongo wakazunguka hao ili yeye asitoke. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka. Alikuwa anaelekea Stanleyville, mahali wafuasi wake walikuwa na nguvu, mji uliomjua. Hakufika. Alikamatwa karibu na mto Sankuru, akapelekwa Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wote watatu waliuawa usiku ule. Lumumba alikuwa na miaka 35. Miili yao iliharibiwa ili lisipatikane kaburi. Mtu aliyetaka kila Mukongo awe na mahali pake alikosa hata mahali pa kuzikwa.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki. Jeneza lilipitishwa Onalua, likafika Kisangani, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Watu wa Kisangani walitoka kwa wingi kumpokea mkaaji wao wa zamani. Miaka 61 ilikuwa imepita.

Kilichobaki mtaani

Mwaka wa 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa, na mji ukaacha jina la Stanleyville na kuwa Kisangani. Mwaka huo huo sheria iliyoitwa Bakajika ilirudisha udongo wa Kongo kwa Leta ya Kongo. Julai 1973 ikatoka sheria ya ardhi inayotumika mpaka sasa, pamoja na marekebisho yake. Inasema wazi: udongo ni wa Leta, na hauuzwi. Raia anapewa haki ya kuutumia, na Mukongo anaweza kupata haki isiyo na mwisho. Lakini haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja, certificat d'enregistrement, inayotolewa na mkuu wa ofisi ya hati za ardhi. Kisha miaka 2 bila mtu kuipinga mahakamani, karatasi hiyo inakuwa na nguvu kubwa sana.

Hapa ndipo maisha ya wakati wa Lumumba yanakutana na ya sasa. Familia nyingi za Kisangani zinashika livret de logeur, kitabu kilichozaliwa katika cité za kikoloni, au karatasi ya parsele ya komine, au mukanda wa kununua uliosainiwa mbele ya mkuu wa kartie na mashahidi. Karatasi hizo si za bure: zinaonyesha kwamba mtu anakaa pale na anajulikana. Lakini zinafanana sana na mukanda wa kukaa wa 1950. Mbele ya mahakama haziwezi kusimama sawa na certificat. Mwenye nazo anafanya vizuri kuzihifadhi zote pamoja na risiti, kuuliza ofisini kama parsele yake imepimwa na kuandikwa, na kuanza safari ya certificat kabla ugomvi haujaanza. Na jina la mama liandikwe pia, juu wajane wengi wamefukuzwa na ndugu za mume kwa kukosa jina kwenye karatasi.

Mipango mingi ya kuboresha mitaa imepita Kongo toka OCA mpaka leo. Kila mmoja unapokuja, mkaaji anaweza kuupima kwa maswali ambayo karani yule wa posta aliyaishi. Je, unamfikia asiyekuwa na mshahara wa kila mwezi? Je, wakaaji wameulizwa kabla ya kuchora njia? Na nyumba ikiisha kujengwa, mukanda wa udongo utakuwa na jina la nani?